Simu mpya haina ubovu: dalili tunazokutana nazo Unguja na Pemba, na kinachozileta

Simu nyingi ninazoletewa hapa Chake Chake zikiwa bado zinanukia boksi hazina ubovu wowote. Kuna kitu kimebonyezwa bila kujua, au kuna kitu hakijawashwa, au ujumbe umetokea kwenye kioo ukaondoshwa haraka kabla haujasomwa. Mwenye simu anasema imeharibika. Kijana wa nyumbani anaichukua, vidole vinaruka mara tatu, anairudisha imepona, na bibi hakuona kilichofanyika. Wiki ya pili tatizo ni lile lile, na sasa bibi anaamini yeye ndiye asiyeweza.

Anaweza. Aliyekosea ni aliyemnyang'anya simu mkononi. Kwa hivyo haya nimeyaandika kwa wawili: kwa mtu mzima aliyetoka kwenye simu ya vitufe akanunuliwa simu ya kugusa, na kwa mjukuu anayemsaidia. Wewe mjukuu, nakuomba sana, elekeza kwa mdomo. Mwache yeye abonyeze. Atachelewa, naam, lakini kidole chake kitakumbuka.

Nazungumzia Android, kwani ndizo zilizo mikononi mwa wengi wetu. Majina ya vipengele yanatofautiana kidogo baina ya kampuni na kampuni. Usipoliona neno nililolitaja, tafuta lililo karibu nalo.

Kabla ya dalili yoyote

Kwanza geuza lugha iwe Kiswahili. Ingia Mipangilio, ile alama ya gurudumu la meno, tafuta Mfumo, kisha Lugha, ongeza Kiswahili, halafu ukivute kikae juu kabisa ya orodha. Sielewi kwa nini tunawakabidhi wazee wetu simu zinazowauliza maswali kwa Kiingereza kisha tunawalaumu kwa kubonyeza "ndiyo" kwenye kila kitu. Mtu anayesoma gazeti na kitabu cha dua anaweza kusoma simu ikimsemesha kwa lugha yake.

Pili, zima na uwashe. Simu inayofanya mambo usiyoyaelewa, nzito, au programu yake imeganda, mara nyingi imelemewa na kazi zilizorundikana kwenye kumbukumbu yake ya muda. Ikizimwa, kumbukumbu hiyo inasafishwa. Haifuti picha wala majina. Kioo kikiganda kabisa hata hakigusiki, shikilia kitufe cha kuwashia pamoja na cha kupunguza sauti kwa sekunde kumi au zaidi. Simu nyingi zitajizima na kuwaka upya.

"Alamu haikulia alfajiri"

Lalamiko hili linakuja kila Ramadhani. Mtu anataka kuamka daku saa kumi alfajiri, anaandika 10:00, analala. Simu kimya. Inakuja kulia saa nne ya asubuhi, jua limeshakaa juu.

Simu haihesabu saa kama sisi. Sisi saa zetu zinaanza jua likichomoza na likizama. Yenyewe inaanza usiku wa manane na adhuhuri. Tofauti ni saa 6 siku zote. Saa kumi alfajiri kwenye simu ni 4:00, saa kumi na moja ni 5:00, saa kumi na mbili ni 6:00. Ukishaijua hiyo, bado kuna mtego wa pili: simu inayotumia saa 12 inataka uchague kama ni asubuhi au jioni, na ukikosea hapo alamu ya daku italia saa kumi ya jioni, unakaribia kufuturu. Ingia Mipangilio, Tarehe na saa, washa mfumo wa saa 24. Sasa 04:00 ni moja tu na alasiri inaandikwa 16:00.

Kama saa imewekwa sawa na bado haikulia, tazama mambo haya. Sauti ya alamu ina kipimo chake mbali na sauti ya mlio wa simu, kwa hivyo moja inaweza kuwa juu na nyingine sifuri. Alamu inaweza kuwa imewekwa kwa siku moja tu, haikurudiwa. Na simu nyingi za Android zikiwa zimezimwa haziwezi kuliza alamu, tofauti na zile simu ndogo za zamani ambazo baadhi yake zilikuwa zikiamka zenyewe. Usiizime usiku, iache iwake.

"Adhana ya simu haiendi na msikiti wetu"

Programu ya nyakati za sala haisikilizi msikiti, inapiga hesabu. Hesabu yake inahitaji kujua uko wapi, na mara nyingi imebaki kwenye mji ilioukisia mwanzo. Washa Mahali, kisha ndani ya programu chagua Zanzibar, Wete, au ulipo.

Ikiwa sala zote ziko sawa isipokuwa alasiri, ambayo inachelewa kwa takriban saa nzima, basi programu imewekwa kwenye madhehebu ya Hanafi, ambayo alasiri yake inaingia kivuli cha kitu kikifika mara mbili ya urefu wake, ukitoa kivuli cha adhuhuri. Sisi wengi ni Shafi, na kwetu ni mara moja. Tafuta sehemu ya Alasiri kwenye mipangilio ya programu ubadilishe. Ikitofautiana alfajiri na isha peke yake, hapo ni njia ya hesabu: programu hizi zina orodha ya taasisi za nchi mbalimbali, kila moja na kipimo chake cha jua lililo chini ya upeo. Jaribu moja baada ya moja mpaka upate inayokubaliana na ratiba ya msikiti wenu. Msikiti ndio kipimo, si simu.

Na kama adhana hailii kabisa, shaka yangu ya kwanza ni kiokoa betri. Simu nyingi mpya huzilaza programu ambazo hazijafunguliwa kwa muda. Ingia Mipangilio, Programu, chagua ile ya adhana, kisha Betri, uiruhusu itumie betri bila kizuizi.

Kibla kikiyumba, vua kava kwanza. Kava zinazofungika kama kitabu zina sumaku, na dira ya simu hufanya kazi kwa kuhisi sumaku. Kisha izungushe simu hewani kwa umbo la nane mara kadhaa ili dira ijisawazishe. Kutoka visiwani kwetu Makka iko karibu kaskazini kamili, kwa hivyo mshale ukikuelekeza Dar es Salaam ujue dira ndiyo iliyopotea.

"Simu inasema yenyewe, na nikigusa haifunguki"

Hili huwatisha watu kuliko yote. Kila unachogusa kinazungushiwa fremu ya rangi, sauti inakisoma, na kugusa mara moja hakufanyi kitu. Nimesikia watu wakisema imeingiliwa na kirusi, na wengine wakisema mengine makubwa zaidi.

Ni huduma inayoitwa TalkBack, iliyotengenezwa kwa ajili ya wasioona. Kwenye simu nyingi inaweza kuwashwa kwa kushikilia vitufe vyote viwili vya sauti kwa pamoja kwa sekunde tatu hivi, na jambo hilo linatokea kwa urahisi simu ikibanwa ndani ya mkoba au kwenye fundo la kanga. Izime vivyo hivyo: shikilia vitufe viwili vya sauti mpaka isikike kwamba imezimwa.

Isipokubali, ufuate utaratibu wake. Gusa kitu mara moja ili ikisome, kisha gusa mara mbili upesi ili kifunguke. Kusogeza ukurasa tumia vidole viwili kwa pamoja, si kimoja. Kwa njia hiyo nenda Mipangilio, Ufikivu, TalkBack, uizime. Watu wanakwama kwa sababu wanasogeza kwa kidole kimoja na ukurasa hauondoki.

Nikiwa hapo hapo: ukiwa na mzee au jirani ambaye macho yake yamekwisha, usiizime, mfundishe. Google ina sauti ya Kiswahili inayoweza kusoma yaliyomo kwenye kioo. Mtu asiyeona anaweza kupiga simu, kusikiliza ujumbe wake na kujua nani anampigia bila kumwomba mtu. Naona uchungu kwamba wengi hawajaambiwa kuwa kitu hiki kimo ndani ya simu zao.

"Haishiki chaji"

Usibadilishe vitu viwili kwa pamoja, hutajua kipi kilichokuwa kibovu. Anza na soketi, halafu waya, halafu kichwa cha chaji, mwisho tundu la simu lenyewe. Waya ndio unaokufa mara nyingi, kwa sababu tunaukunja shingoni tunapotumia simu ikiwa kwenye chaji.

Ikishika kwa kuipindapinda, tundu limejaa uchafu: nyuzi za nguo, mchanga, vumbi. Zima simu, chukua kijiti cha meno cha mbao, toa uchafu taratibu. Sindano na pini ni marufuku, ndani kuna meno madogo ya shaba na ukiyapinda umeharibu kweli.

Ikishika lakini inajaa polepole, soma maandishi madogo kwenye kichwa cha chaji. Palipoandikwa 5V na 1A, hiyo ni wati 5. Betri ya 5,000 mAh kwa wati 5 itachukua zaidi ya saa nne kujaa, wakati simu nyingi za sasa zinapokea wati 10, 15, 18 na kuendelea. Simu nzima, chaji ndogo.

Ikikataa mchana na kukubali usiku, ni joto. Kampuni kubwa za simu zinashauri simu itumike kwenye nyuzi joto 0 hadi 35. Mchana wa kaskazi, Januari na Februari, simu iliyoachwa juani pwani au mbele ya kioo cha daladala inapita hapo kwa dakika chache, na ikipita inajikinga kwa kukataa chaji. Iweke kivulini ipoe yenyewe, usiitie kwenye friji. Umeme ukikatika, chomoa chaji. Ukirudi usubiri kidogo ndipo uchomeke, kwa sababu unaporudi hupanda na kushuka.

Jambo moja halina subira. Mgongo wa simu ukivimba, au kioo kikaanza kuinuka pembeni, betri imeharibika na inaweza kushika moto. Zima, usiichaji tena, usiibonyeze kurudisha ndani, ipeleke kwa fundi siku hiyo hiyo.

"Kioo hakisikii kidole", na alama ya kidole inakataa

Kioo cha simu hakihisi msukumo, kinahisi umeme mdogo sana ulio kwenye ngozi. Ndiyo maana kubonyeza kwa nguvu au kwa ukucha hakusaidii, gusa kwa nyama ya kidole na uachie. Ukishikilia, simu inaelewa kwamba unataka jambo jingine na inakufungulia menyu. Mzee aliyezoea vitufe vigumu hushikilia kwa muda mrefu. Mwambie aguse kama anayegonga nazi kusikiliza maji, agonge na kuondoa mkono.

Maji ya chumvi yanapitisha umeme, kwa hivyo tone moja kwenye kioo linahesabika kama kidole. Mwenye kutoka kwenye mwani Paje au Jambiani na mikono mibichi ataona simu inaruka huku na huku peke yake. Futa mikono na kioo kwa kitambaa kikavu, itatulia. Kioo cha ziada cha kukinga kikiwa kinene au kimeingia hewa chini yake, nacho kinapunguza usikivu; kitoe ujaribu.

Alama ya kidole ni kisa kingine. Wanawake wanaosokota usumba, wanaochuma na kuchambua karafuu, wanaoshika saruji na chokaa, ngozi ya vidole imelika na mistari haionekani vizuri. Simu haikukatai wewe, haikioni kidole. Sajili kidole kisichofanya kazi nyingi, pengine cha pete au cha mkono wa kushoto, na kidole hicho hicho ukisajili mara mbili. Kisha uwe na namba ya siri kila mara. Usiweke 1964 wala mwaka uliozaliwa, ndizo za mwanzo kujaribiwa na mtu aliyeiokota.

"Imeanguka baharini"

Itoe, izime saa ile ile hata kama bado inawaka. Usiichomeke kwenye chaji kuona kama imepona, maana umeme na maji ya chumvi vikikutana ndani ndipo vinapounguza. Vua kava, toa laini na memori kadi, futa, uisimamishe tundu la chaji likiwa chini mahali penye upepo.

Mchele hausaidii. Najua kila nyumba ina mtu aliyeponya simu kwa mchele, lakini simu hiyo ingekauka hata juu ya meza, na mwaka 2024 Apple iliwaonya wateja wake wasifanye hivyo kwa sababu chembe za mchele zinaweza kuingia ndani na kuiharibu. Mashine ya kukaushia nywele nayo iache.

Maji ya bahari yana hatari kuliko ya mvua au ya kisima: maji yakikauka chumvi inabaki na inaendelea kula shaba kidogo kidogo. Simu inawaka leo, unafurahi, baada ya wiki tatu inakufa. Kwa hivyo hata ikiwaka, ipeleke kwa fundi aifungue na kuisafisha ndani kwa spiriti. Alama ya IP68 kwenye boksi, ile inayosema simu inastahimili maji, isikupe jeuri. Kipimo chake hufanywa kwa maji baridi safi yasiyo na chumvi, simu ikiwa mpya haijaanguka hata mara moja.

"Laini haisomi"

Tazama juu ya kioo kama kuna alama ya ndege. Hali ya ndegeni inakata mtandao wote, na iko kwenye pazia lile lile la juu unaloshusha kuwasha tochi, basi kidole kinakosea. Izime.

Kama si hiyo, toa kisahani cha laini kwa pini yake. Simu za sasa zinatumia laini ndogo kabisa ya milimita 12.3 kwa 8.8, na laini iliyokatwa kwa mkasi kutoka kwenye kubwa huwa nene au imepindika. Usihangaike nayo, badilisha kwa wakala wa mtandao wako ukiwa na kitambulisho. Namba inabaki ile ile.

Simu ikiomba PIN ya laini, hiyo si namba ya kufungulia kioo. Ukikosea mara tatu itataka PUK, namba ya kufungulia laini iliyojifunga, na hapo simama, usikisie. PUK ikikosewa mara kumi laini inakufa moja kwa moja. Namba hiyo imeandikwa kwenye kadi kubwa uliyobandulia laini, au utapewa na huduma kwa wateja.

Laini ikisoma kwenye simu nyingine na kwenye hii mpya ikakataa, piga *#06#. Itatokea IMEI, namba ya utambulisho wa simu yenye tarakimu 15. Linganisha na iliyo kwenye boksi, kisha itume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090, mfumo wa Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, utakujibu ni simu ya aina gani. Jina likija la simu tofauti na uliyoishika, au ukaambiwa haitambuliki, umeuziwa bandia. Simu za namna hiyo zilifungiwa nchi nzima Juni 2016. Fanya ukaguzi huu dukani kabla ya kulipa, iwe Darajani au popote.

Na ukitaka kujua ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako, piga *106#. Namba usiyoijua ikitokea, nenda ukaifute.

"Nimetia bando asubuhi, adhuhuri limekwisha"

Simu ya laini mbili inatumia laini moja kwa intaneti, na si lazima iwe ile uliyoitilia bando. Ingia Mipangilio, sehemu ya SIM, utazame laini ipi imechaguliwa kwa data. Watu wanalalamika bando halifanyi kazi huku salio la laini nyingine likiliwa.

Kisha WhatsApp. Kundi la familia, la skuli, la maulidi na la shehia, kila moja linatuma picha na video, na simu inaweza kuzipakua bila kuuliza. Ndani ya WhatsApp ingia Mipangilio, Hifadhi na data, na kwenye upakuaji wa yenyewe kwa data ya simu ondoa alama zote. Kuanzia hapo utapakua ulichotaka kukiona tu. Duka la programu nalo liambie lisasishe programu kwenye waifai peke yake. Simu mpya huwa na masasisho mengi siku za mwanzo, kwa hivyo bando la wiki ya kwanza kwenda haraka ni kawaida.

Kama intaneti ipo lakini kurasa zinakataa kufunguka, au WhatsApp inalalamika kuhusu tarehe, tazama kalenda ya simu. Tovuti na simu hukaguana vyeti vya usalama vyenye tarehe ya mwisho, na simu iliyo kwenye mwaka mwingine inaviona vyeti vyote vibaya. Weka tarehe na saa zijipange zenyewe, ukanda wa Afrika Mashariki, GMT+3.

Madogo ya haraka

Simu hailii: bonyeza kitufe cha sauti, fungua vipimo vyote, tazama na alama ya Usinisumbue. Ukisikia mlio lakini humsikii mtu, huenda sauti inakwenda kwenye spika ya Bluetooth iliyo chumbani. Kioo kinazima ukipiga simu: ni kawaida, kuna kihisi juu kinachokizima kikikaribia sikio, kikibaki kizima baada ya kuondoa simu sikioni, kioo cha kukinga kimekiziba. Picha zinazunguka ukilala: zima mzunguko wa yenyewe kwenye pazia la juu. Lugha imegeuka ya kigeni: fuata gurudumu la meno, tafuta palipo na alama ya dunia au herufi A.

"Imejaa" na "majina yangu yamepotea"

Ikijaa, usianze kufuta picha za wajukuu. Ndani ya WhatsApp, kwenye Hifadhi na data, kuna sehemu inayopanga video kubwa na zilizosambazwa mara nyingi. Futa hizo na utashangaa nafasi inayopatikana.

Majina ukitoka simu ya zamani yanaweza kuwa sehemu tatu: kwenye laini, kwenye simu yenyewe, au kwenye akaunti ya Google. Yaliyo kwenye simu ya zamani hayahami kwa kuhamisha laini, ndiyo yanayoonekana yamepotea. Usiitupe wala kuiuza simu ya zamani mpaka uyahamishe kwenda kwenye laini. Kwenye simu mpya fungua Majina, chagua kuingiza kutoka SIM, uyaweke kwenye akaunti ya Google. Jina likikaa huko, simu ikizama Nungwi majina yako salama.

Akaunti hiyo iwe yako. Wazee wengi wamefunguliwa akaunti na muuza duka kwa barua pepe wasiyoijua na neno la siri lililoandikwa popote. Ifungue upya kwa jina lako na namba yako, uandike neno la siri kwenye daftari linalokaa kabatini pamoja na vyeti.

"Watu wananiambia nimewaomba pesa"

Mtu amekupigia kwa upole, akasema kuna msaada, zawadi au kundi la maulidi, akaomba umsomee namba sita zilizoingia kwa ujumbe. Ile ni funguo ya WhatsApp yako. Ukiisoma, amehamia ndani na anawaandikia ndugu zako kwa jina lako.

Usione haya, fanya haraka. Fungua WhatsApp, isajili namba yako upya, utapata namba sita mpya. Ukiziingiza, yeye anatolewa. Ikiwa ameshaweka PIN ya hatua ya pili, utasubiri siku 7 kuingia bila hiyo PIN, lakini ukithibitisha namba yeye hawezi kuendelea. Wakati huo huo wapigie jamaa kwa simu ya kawaida, usitegemee ujumbe. Ukirudi ndani, tazama vifaa vilivyounganishwa na uondoe usivyovijua, kisha weka PIN yako ya hatua ya pili.

Ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" usiujibu. Tuma namba iliyouleta kwenda 15040. PIN ya pesa za simu haombwi mtu, hata akijiita mfanyakazi wa mtandao, hata akijua jina lako kamili.

"Fundi anasema lazima ifutwe yote"

Huenda ni kweli, huenda anataka njia ya mkato. Muulize ni dalili gani iliyomfanya aamue hivyo, na kama amejaribu kuiwasha katika hali salama, ambayo inazizima programu ulizoongeza ili ionekane kama mojawapo ndiyo mkosaji. Ikipona katika hali hiyo, toa programu za karibuni moja moja, hakuna haja ya kufuta simu.

Ikibidi, kabla ya kuikabidhi toa laini na memori kadi, hifadhi picha na majina, andika IMEI kwenye risiti, na uhakikishe unalijua neno la siri la Google. Tangu Android 5.1 ya mwaka 2015, simu iliyofutwa kwa nguvu inauliza akaunti iliyokuwemo, na bila hiyo haifunguki. Ulinzi huo unamkomoa mwizi, lakini unamkomoa pia mwenye simu aliyesahau. Ukinunua simu iliyotumika, mwambie muuzaji aitoe akaunti yake mbele yako, kisha iwashe upya na uiwekee yako hapo hapo dukani, kabla hujatoa pesa.